BUNGE LA UINGEREZA LILIPOKWAMA: TUCHEKE AU TUJIFUNZE?

Iko hoja moja inayotembezwa mabarazani na majukwaani, nayo yafaa ijibiwe kabla haijaota mizizi. Husemwa hivi: Watazameni Waingereza, hao waliojidai kuwa walimu wa Mabunge yote ya dunia. Mwaka 2016 waliwauliza raia wao kama nchi ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke. Raia wakajibu itoke. Kisha Bunge lao likazozana kwa miaka mitatu na zaidi, lisiweze kutoka wala kubaki. Basi, huendelea kusema, vyama vingi ni zogo, upinzani ni ukorofi, na nchi yenye busara ni ile ambayo Bunge lake hunena kwa sauti moja.

Wenye kusema hayo hawana haja na Uingereza. Haja yao ni kutufunga midomo sisi. Kwa sababu hiyo leo twaieleza kadhia ile tangu mwanzo hadi mwisho wake, kwa tarehe na kwa hesabu, ili kila mwanachama wetu, awe mjini au shamba, Unguja au Pemba, akikutana na hoja hiyo asibabaike.

Na rai yetu twaitanguliza mapema, msomaji apate kuipima kila hatua. Kukwama kwa Bunge lile hakukuwa maradhi. Maradhi yalikuwa katika swali walilopewa wananchi. Kukwama kulikuwa ni homa tu, na homa ni dalili kwamba mwili ungali hai na unapigana. Bunge la kuhofiwa ni lile lisilokwama kamwe.

SWALI LISILOTIMIA

Uingereza iliingia katika Soko la Pamoja la Ulaya tarehe 1 Januari 1973, pamoja na Ireland na Denmark. Tarehe 5 Juni 1975 raia waliulizwa kama waridhika kubaki, na 67 katika kila 100 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Katika miaka arubaini iliyofuata Soko lile lilikua likawa Umoja wa Ulaya, wenye dola 28, na biashara ya Uingereza ikafungamana nao mfano wa mishipa ya mwili. Msingi wa kufungamana huko ni mambo mawili yapasayo kutofautishwa. La kwanza ni umoja wa forodha: bidhaa ivukayo kutoka nchi mwanachama kwenda nyingine haitozwi ushuru, na bidhaa itokayo nje hutozwa kiwango kimoja popote iingiapo. La pili ni soko moja: kanuni za ubora wa chakula, dawa, mashine na mfano wa hayo ni zile zile kila pahala, kwa hiyo shehena haisimamishwi mpakani ikakaguliwa upya.

Tarehe 23 Juni 2016 raia waliulizwa tena. Waliotaka nchi itoke walikuwa milioni 17.4, waliotaka ibaki milioni 16.1, yaani 51.9 kwa 48.1 katika kila mia. Karatasi ya kura iliuliza jambo moja tu, kubaki au kutoka. Haikuuliza: tukitoka, twende wapi?

Na njia za kutoka ni nyingi. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika soko lake moja. Uturuki haimo, lakini ina umoja wa forodha nao kwa bidhaa za viwandani. Canada haimo, nayo ina mkataba wa biashara tu. Nchi zote hizo ziko nje, wala hali ya moja si hali ya nyingine. Basi watu milioni 17 walitamka neno moja lenye maana tatu au nne, na kila mmoja akaenda zake nyumbani akiamini kwamba maana yake yeye ndiyo iliyoshinda.

Mfano wao ni abiria wa jahazi lililotia nanga Malindi, wakaulizwa, "Tung'oe nanga au tusing'oe?" Wengi wakasema ing'olewe. Lakini mmoja nia yake Pemba, wa pili Tanga, wa tatu Mombasa, na wa nne ataka kuondoka tu kwa kuwa amechoshwa na bandari. Nanga ikishakuwa juu ndipo ugomvi unapoanza, na kuwapiga mabaharia hakuleti jawabu la swali ambalo halikuulizwa.

Sisi wa visiwa hivi twaweza kuyasema haya bila ya kujivuna, kwani tuliwahi kuuliza swali lililotimia. Mnamo Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio juu ya serikali ya umoja wa kitaifa. Tarehe 31 Julai mwaka ule ule Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na 66.4 katika kila mia wakakubali. Aliyesema ndiyo alijua alichokikubali, na aliyesema hapana alijua alichokikataa. Yaliyoipata serikali ile baadaye ni mambo mengine. Lakini kuhusu kura yenyewe, hakuna aliyeweza kudai kwamba wananchi hawakujua nini walichoulizwa.

HESABU ZA KURA

Serikali ya Uingereza ilitaka kwanza kuanza safari ya kutoka kwa amri yake yenyewe, bila ya idhini ya Bunge. Raia walikwenda mahakamani, na tarehe 24 Januari 2017 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 8 kwa 3, kwamba haki wapewazo raia kwa sheria ya Bunge haziwezi kuondolewa ila kwa sheria ya Bunge. Serikali ikatii, ikapeleka mswada, mswada ukapita, na tarehe 29 Machi 2017 Waziri Mkuu Theresa May akatoa ilani ya kutoka. Kuanzia siku hiyo, kwa mujibu wa mkataba wa Ulaya, muda uliobaki ulikuwa miaka miwili.

Badala ya kuutumia muda huo kutafuta rai ya pamoja, Bibi May aliitisha uchaguzi tarehe 8 Juni 2017 ili aongeze viti vyake. Akapata 317 katika viti 650, akapoteza wingi aliokuwa nao, ikabidi aegemee wabunge 10 wa chama cha Democratic Unionist cha Ireland ya Kaskazini. Mtaka yote hukosa yote.

Mnamo Disemba 2017 Bunge lilijihakikishia, kwa kura 309 kwa 305, kwamba mkataba wowote wa kutoka lazima uletwe mbele yake. Mkataba wenyewe ulipatikana Novemba 2018, nao ulikuwa na kurasa karibu 600. Serikali ilipokataa kuutoa ushauri kamili wa mwanasheria wake juu ya mkataba huo, Bunge liliamua tarehe 4 Disemba, kwa kura 311 kwa 293, kwamba Serikali imelidharau, ikalazimika kuutoa. Tunawaomba wasomaji wetu waisome sentensi hiyo mara ya pili. Serikali iliambiwa na Bunge kwamba imelidharau, nayo haikumkamata mtu, ilileta karatasi.

Kisha ukafuata mkwamo wenyewe. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba ulikataliwa kwa kura 432 kwa 202. Hakuna Serikali ya Uingereza katika zama hizi iliyopata kushindwa kwa tofauti kubwa kiasi hicho. Tarehe 12 Machi ukakataliwa tena, 391 kwa 242. Serikali ilipotaka kuurejesha kama ulivyo, Spika John Bercow alisema haiwezekani: Bunge likishaamua jambo haliulizwi jambo lile lile katika kikao kile kile mpaka lichoke, na akaitaja kanuni iliyokuwapo tangu mwaka 1604. Tarehe 29 Machi, siku ambayo nchi ilikuwa itoke, sehemu kuu ya mkataba ililetwa peke yake, ikakataliwa mara ya tatu, 344 kwa 286.

Pengine msomaji atauliza: kama hawakuutaka mkataba, walitaka nini? Wao wenyewe walijiuliza. Tarehe 27 Machi waliwekewa njia nane mezani, na hakuna hata moja iliyopata wingi. Tarehe 1 Aprili wakawekewa nne, zote zikaanguka. Ile ya kubaki katika umoja wa forodha ilianguka kwa kura tatu tu, 276 kwa 273. Siku mbili baadaye mswada wa kuilazimisha Serikali iombe muda zaidi ulipita kwa kura moja, 313 kwa 312.

Hapa ndipo wacheshi wanapocheka. Sisi twaona kinyume chake. Katika nchi iliyogawanyika 52 kwa 48, Bunge lililogawanyika vivyo hivyo ni kioo kisichosema uongo. Lau Bunge lile lingalipiga makofi na kupitisha kila kilicholetwa, mgawanyiko usingaliondoka, ungalihamia majiani. Tena tazama namna walivyopiga kura. Katika Bunge la Makabwela mjumbe huinuka kwenye kiti chake, akapita kwa miguu yake katika ukumbi wa Ndiyo au ukumbi wa Siyo, akahesabiwa, na jina lake likachapishwa. Spika huanza kwa kusikiliza sauti za pamoja, lakini jambo likipingwa sauti hizo hazitoshi, ni lazima kura zihesabiwe. Mpiga kura wa kijiji chochote aliweza kujua mjumbe wake alipita mlango upi.

SERIKALI ILIPOTAKA KUFUNGA MLANGO

Bibi May alishindwa, akang'atuka, na tarehe 24 Julai 2019 Boris Johnson akashika nafasi yake. Yeye alitaka kutoka tarehe 31 Oktoba iwe kwa mkataba iwe bila ya mkataba. Wabunge wengi waliogopa kutoka bila ya mkataba, kwa kuwa bandari, maduka ya dawa na viwanda vingalikutwa havijajitayarisha. Tarehe 3 Septemba wabunge 21 wa chama chake mwenyewe walipiga kura pamoja na upinzani. Akawatoa wote katika kundi la chama Bungeni, na miongoni mwao walikuwamo mawaziri wa zamani na mjukuu wa Winston Churchill. Hawakuwa wasaliti hao. Walikuwa watu waliopima kiti na dhamiri, dhamiri ikawa nzito.

Kabla ya hapo Waziri Mkuu alikuwa amekwisha kumshauri Malkia alifunge Bunge kwa majuma matano. Sababu iliyotolewa ni kutayarisha kikao kipya. Lakini majuma hayo yalikuwa yale yale ambayo Bunge liliyahitaji kumwuliza maswali. Tarehe 24 Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu, wote kwa kauli moja, waliamua kwamba kufungwa kule hakukuwa halali, na kwa hiyo kulikuwa kana kwamba hakukutokea. Siku ya pili yake wabunge walikuwa vitini mwao. Waziri Mkuu alisema hakubaliani na hukumu, na akaitii.

Katika maneno hayo mawili, hakubaliani na akaitii, mna siri yote ya dola yenye sheria. Mtawala ana ruhusa ya kununa. Hana ruhusa ya kuvunja.

Mwisho wa mkwamo haukuletwa na askari wala na tangazo la usiku. Waliurudisha ugomvi kwa wenye nchi. Tarehe 12 Disemba 2019 raia walipiga kura, Bwana Johnson akapata viti 365, na tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka. Kura zilihesabiwa usiku ule ule, matokeo yakatangazwa jimbo kwa jimbo mbele ya wagombea wote, na asubuhi yake walioshindwa wakasema wameshindwa. Sisi hatuhitaji kueleza kwa nini jambo hilo tunalitaja.

WADOGO KATIKA MUUNGANO WA WAKUBWA

Mpaka hapa tumeisifu kazi ya Bunge lile. Lakini iko sehemu ya kadhia hii inayotuhusu sisi watu wa visiwa zaidi kuliko nyingine zote, nayo si ya kusifu.

Uingereza ni muungano wa nchi nne. Katika kura ya 2016 England na Wales zilisema kutoka. Uskoti ilisema kubaki kwa 62 katika kila mia, na Ireland ya Kaskazini kwa karibu 56. Hesabu ikawa moja, chungu kikawa kimoja, na wengi wa England wakawafunika wadogo wawili. Hapakuwa na sharti kwamba kila nchi ikubali kwa nafsi yake.

Ireland ya Kaskazini ndiyo iliyokuwa na jambo zito zaidi, kwani ina mpaka wa nchi kavu na Jamhuri ya Ireland, mpaka wa kilomita karibu 500, na Jamhuri imebaki katika Umoja wa Ulaya. Baada ya miaka thelathini ya damu, Mapatano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998 yaliwapa watu wa huko amani, na minara ya askari ikaondolewa mpakani. Kuirudisha forodha pale kungalikuwa kukichokoa kidonda. Basi tatizo lilikuwa hili: kama Uingereza yatoka katika umoja wa forodha, na mpaka wa nchi kavu haufungwi, forodha itakaa wapi? Jawabu limebaki moja tu. Itakaa baharini, baina ya kisiwa na kisiwa, ndani ya dola moja.

Mkataba wa Bibi May ulitaka kulikwepa hilo kwa kuiweka Uingereza yote katika eneo moja la forodha pamoja na Ulaya mpaka ipatikane njia bora. Wabunge wale 10 wa Democratic Unionist, waliokuwa wameishika Serikali mkononi, waliukataa mara zote tatu. Walijua wasichokitaka. Walichokitaka, na ambacho wengine wangaliweza kukikubali, hawakukipata kukisema. Walimtegemea Bwana Johnson, ambaye Novemba 2018 alisimama katika mkutano wa chama chao akasema kwamba hakuna serikali ya chama chake iwezayo wala ipasayo kukubali ukaguzi na forodha baina ya Uingereza na Ireland ya Kaskazini. Mwaka mmoja haujatimia, akaukubali mkataba uliofanya hivyo hasa. Na alipopata wingi wa viti 80, wale 10, waliokuwa wamebaki 8, hawakuwa tena na thamani yoyote mbele yake. Tangu tarehe 1 Januari 2021 shehena itokayo Uingereza kwenda Ireland ya Kaskazini ikawa na hati za forodha na ukaguzi; mapatano ya Windsor ya Februari 2023 yalipunguza uzito wa mambo hayo, hayakuyafuta.

Na upande wa pili wako Sinn Féin, wenye viti 7 katika Bunge lile. Wao kwa itikadi yao ya tangu zamani hawali kiapo kwa Ufalme, na kwa hiyo hawaingii Bungeni. Turudi sasa kwenye kura ya tarehe 1 Aprili: umoja wa forodha, jambo ambalo lingaliupunguzia mpaka wao uzito mkubwa, ulianguka kwa kura tatu, na viti saba vilikuwa vitupu. Twajua kwamba kura ile ilikuwa ya kutafuta rai tu, haikuwa ya kulazimisha. Na twajua kwamba kila chama kina haki ya kushika itikadi yake. Hatuwalaumu. Twasema lililo dhahiri, kwamba kiti kitupu hakihesabiwi katika ukumbi wa Ndiyo wala katika ukumbi wa Siyo.

Basi wadogo wale walikuwa na nguvu wakati wa mkwamo, na mkwamo ulipokwisha nguvu zao zikaisha. Mkubwa humsikiliza mdogo pale tu anapomhitaji. Aliye mdogo na akapata siku yake ya kusikilizwa, na aitumie kuomba jambo linaloandikika, wala asiitumie kukataa tu.

NA KWETU JE?

Mzanzibari hahitaji kufasiriwa forodha ya baharini ndani ya dola moja. Mfanyabiashara wetu anayevusha bidhaa kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam anaijua kwa mfuko wake, na kilio cha kutozwa ushuru mara mbili kilikuwamo katika orodha ya kero za Muungano kwa miaka na miaka. Tofauti ni hii: mpaka wa bahari ya Ireland uliwekwa baada ya kuzozaniwa mchana kweupe, kwa kura zilizohesabiwa kimoja kimoja. Wetu tuliukuta. Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, Muungano ukawa tarehe 26, siku nne baadaye, na hakuna raia wa upande wowote aliyeulizwa kwa kura.

Nasi katika Afrika Mashariki tumekwisha kuzoea kuingia na kutoka katika jumuiya bila ya mkwamo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari mwaka huo na haukufunguliwa mpaka 1983, na mali za Jumuiya, reli, ndege na meli, hazikugawanywa kwa mapatano mpaka 1984. Mwaka 2000 Tanzania ilijitoa COMESA. Je, Bunge lilikwama? Halikukwama. Je, wananchi waliulizwa? Hawakuulizwa. Mambo yalikwenda laini kama mafuta ya nazi, na mkulima na mchuuzi wakapata khabari yakiwa yamekwisha. Kama huo ndio utulivu tunaoambiwa tuusifu, basi hata makaburini mna utulivu.

Lakini haki lazima isemwe: iko ngao moja ambayo sisi tuliwahi kupewa, na Uskoti na Ireland ya Kaskazini hawakuwa nayo. Sheria iliyoongoza mabadiliko ya katiba ilitaka Katiba mpya ipite katika Bunge Maalum kwa theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Na kura ya maoni vile vile ipate zaidi ya nusu katika kila upande. Chungu viwili, wala si kimoja. Wapinzani walitoka katika Bunge lile Aprili 2014. Wenzao waliobaki wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba. Na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, wala haikupigwa. Lakini ile kanuni ya hesabu mbili ni mali yetu, na yeyote atakayeleta sheria mpya ya kura ya maoni bila ya kanuni hiyo tumtake aeleze kwa nini.

Wako wanachama wetu ambao wamechoka na Mabaraza na Mabunge, wakaona kuingia humo ni kuwapambia wengine karamu. Uchungu wao twaujua. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa baada ya watu kupiga kura. Wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016 ulisusiwa na wapinzani wakubwa, nao walikuwa na sababu ambazo kila mtu anazijua. Kususia ni haki, na kuna siku ambayo heshima haina njia nyingine. Lakini kususia ni silaha ya risasi moja. Ikishalia, adui huinuka akaendelea na kazi yake. Miaka minne iliyofuata miswada ilipita katika Baraza la Wawakilishi bila ya upinzani wa kuihoji. Kinachotakiwa si kuingia ili tukae wala kutoka ili tulale. Kinachotakiwa ni kuingia ili tukwamishe palipo na haki ya kukwamisha, kwa hoja, kwa marekebisho, kwa kutaka kila kura ihesabiwe kwa jina.

HATUFICHI GHARAMA

Asije mtu akatwambia kwamba tumesifu mkwamo kana kwamba ni asali. Mkwamo una gharama. Ulivunja mawaziri wakuu, uliigawa nyumba moja baba na mwana, na wenye viwanda walikaa miaka mitatu hawajui waweke ghala upande upi wa bahari. Mara tatu Uingereza iliomba muda na mara tatu ikangojea jawabu la wakuu 27 wa Ulaya. Na waliotoka wakiambiwa kwamba kutoka ni jambo la siku moja, waligundua kwamba uhusiano wa nchi na jirani zake haumalizwi kwa talaka. Jirani ni jirani.

Hata hivyo gharama hiyo ililipwa kwa maneno, kwa kura na kwa wakati. Ziko nchi ambazo hulipa ugomvi mdogo kuliko ule kwa roho za watu. Mizani hiyo haihitaji msomi wa kuishika.

TUNAYOTAKA

Basi mwanachama akiambiwa tena kwamba Waingereza walijiaibisha, na ajibu hivi. Kwanza, wananchi wakiulizwa, waulizwe swali lililotimia, lenye maandishi ya kitakachofuata. Pili, katika jambo la Muungano, na katika kuingia au kutoka jumuiya yoyote ya biashara inayogusa bandari zetu, Zanzibar ihesabiwe kwa hesabu yake. Tatu, katika mambo makubwa kura ya mjumbe itajwe kwa jina, wala isizamishwe katika makelele. Nne, mahakama ikisema, anayetawala na atii hata akinuna.

Tunawaomba makatibu wa matawi wausome waraka huu mbele ya wanachama, na kila tawi liandike rai yake juu ya hayo manne, likubali au likatae, kisha waipeleke kwa ofisi ya chama. Kama matawi yatapingana, na yapingane. Kama yatakwama, tutakaa tena. Chama kinachodai Bunge lenye uhai hakiwezi kuwa na matawi yanayoitikia tu.